Kutoa Sifuri

Ndani ya simu yako kuna sifuri mbili. Moja unaijua. Ya pili ina alama ya kutoa mbele yake, na wengi wetu tutazeeka bila kukutana nayo. Mama yangu mdogo, anayepika na kuuza chakula Mikumi na ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, alikutana nayo Jumamosi moja ya mwezi wa pili, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mbele ya wanakikoba wenzake 27.

Alinitumia picha ya karatasi hiyo kwa WhatsApp, kisha ujumbe wa sauti. Kwa nyuma nilisikia breki za malori na mtu akiuliza kama ugali umebaki.

"Mwanangu, wewe si umesomea kompyuta? Hebu niambie, kutoa sifuri ni shilingi ngapi?"

Nilidhani ananitania. Nikaikuza picha. Safu ya kwanza ilikuwa majina, ya pili hisa, ya tatu salio la mkopo. Mtu wa juu yake: -45,000. Wa chini yake: 0. Yeye: -0.

Kama hujawahi kuwa kwenye kikoba, au umekulia nyumba ambayo mama alikuwa akitoweka kila Jumamosi jioni bila maelezo, nieleze kidogo. Watu wananunua hisa, kwao hisa moja ni 5,000. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanazishika watu watatu wasiokaa nyumba moja. Ukiwa na hisa unaruhusiwa kukopa mpaka mara tatu ya ulichoweka, kwa riba mliyokubaliana. Kwao ni asilimia 10. Na kuna sheria moja ambayo haina mjadala: mwenye deni hakopi.

Mama mdogo alikopa 100,000 mwezi wa kumi na moja. Alirejesha mara tatu: 36,667, halafu 36,667, halafu 36,666. Jumla 110,000. Risiti zote anazo, kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na kadi zetu za kliniki. Sasa alitaka 300,000 ili anunue jiko kubwa la gesi na magunia ya mchele kabla bei haijapanda. Mwenyekiti akasoma majina ya walioomba mikopo, akafika kwake, akatazama ukutani, akasema, "Dada, wewe bado una kutoa."

Hakusema "una deni". Lakini kila mtu alisikia deni. Mtu mmoja kule nyuma akacheka. Mama mdogo alinisimulia kicheko hicho mara tatu, na mara zote tatu alikisimulia kwa urefu kuliko suala la mkopo wenyewe.

Mimi naishi Kilosa. Nafanya kazi ya programu kwa intaneti, kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona uso kwa uso, na nyumbani kwetu kazi hiyo inaeleweka kama kukaa ndani na laptopu. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Mikumi. Kwa wasioijua njia hiyo: ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita Ulaya. Si utani. Ulaya ni kata ndani ya wilaya ya Kilosa, ina mahindi, mbuzi na vumbi, na kila kijana wa huku amewahi kumwambia mtu wa mjini kwamba wikiendi hii anapita Ulaya mara moja. Majina mawili yanayoandikwa kwa herufi zilezile, yakilinganishwa herufi kwa herufi ni sawa kabisa, na bado ukimtumia mtu fedha za nauli ya kwenda Ulaya ni muhimu kuuliza ipi. Nilikuwa nafikiria hilo njia nzima kwa sababu nilishajua nitakachokikuta kwenye laptopu ya kikoba. Sikujua tu nitawaelezaje.

Katibu wao ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alinipokea kwa kiti na soda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuturekebishia mashine au kumtetea mama yako?"

"Nimekuja kuangalia tu, mwalimu."

"Angalia. Lakini nikwambie mapema, mimi sikuongeza kitu pale. Nilichoprinti ndicho ilichonipa. Alama ni alama."

Programu yenyewe iliandikwa kwa Python na kijana aliyekuwa pale kwa mafunzo kwa vitendo, akaiacha kama zawadi, akapata kazi Dodoma. Ilikuwa na mistari isiyozidi mia mbili, nadhifu, majina yote kwa Kiswahili: deni, riba, rejesho, salio. Niliipenda. Nasema hivyo kwa sababu kwenye mambo kama haya watu hutafuta wa kumlaumu, na mimi nilipoisoma niliona kila mstari una akili yake. Jambo lenyewe lilitokea kwa hatua tatu, kila moja ikiwa halali.

Hatua ya kwanza ni riba. Programu inazidisha mkopo kwa 1.1. Kompyuta haiwezi kuihifadhi 1.1 kwa ukamilifu, kwa sababu inaandika namba kwa mafungu ya nusu, robo, thumni na kuendelea, na 1.1 katika mafungu hayo haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho tukiiandika kwa desimali. Kwa hiyo inahifadhi namba iliyo jirani, kubwa kidogo mno. Zidisha 100,000 kwa hiyo jirani, Python itakujibu 110000.00000000001. Mama mdogo akalipa 110,000. Kukabaki vumbi.

Hatua ya pili, yule kijana alilijua vumbi hilo. Akaweka amri ya kukadiria deni mpaka desimali mbili. Vumbi likapotea, deni likawa 0.0. Safi kabisa.

Hatua ya tatu ni adabu ya kihasibu. Alitaka wadaiwa waonekane kwa alama ya kutoa, kwa hiyo kabla ya kuprinti programu inazidisha deni kwa -1. Deni la 45,000 linakuwa -45,000. Na deni la 0.0 likizidishwa kwa -1 linakuwa -0.0.

Kwenye daftari la shule ungeandika sifuri na kuendelea. Kompyuta haiandiki kwenye daftari la shule. Namba ya desimali ya kawaida inakaa kwenye biti 64, na biti ya kwanza kabisa ni ya alama: 0 ikiwa chanya, 1 ikiwa hasi. Zilizobaki zinabeba ukubwa. Sifuri chanya ni biti zote 64 zikiwa 0. Sifuri hasi ni 1 ikifuatiwa na sifuri 63. Ukizidisha kwa -1, biti ya alama inageuzwa, basi.

Nikamwambia mwalimu, "Hii programu haisemi mama mdogo anadaiwa."

"Imeandika kutoa."

"Ina ukurasa wa pili. Umewahi kuuprinti?"

Hakuwahi, wino ni ghali. Ukurasa wa pili unaitwa Wanaodaiwa, na unaorodhesha kila mwanachama ambaye salio lake ni dogo kuliko sifuri. Tuliufungua kwenye kioo. Majina sita. La mama mdogo halimo. Mwalimu akavaa miwani, akausoma tena kutoka chini kwenda juu.

"Kwa hiyo ukurasa wa kwanza unasema ana kutoa, wa pili unasema hana deni. Mashine moja."

Mashine moja, na zote mbili ni kweli. Kwa kanuni zinazofuatwa na karibu kompyuta zote za leo, -0.0 si ndogo kuliko 0.0. Zikilinganishwa ziko sawa. Ukiiuliza Python `-0.0 == 0.0` inajibu ndiyo, na `-0.0 < 0` inajibu hapana. Lakini ukiiambia iandike namba yenyewe, inaandika inachokiona, na inaona alama.

Hapa nataka nitoke Mikumi kidogo, kwa sababu kama wewe pia unaandika programu kuna jambo ambalo sikuweza kulisema pale mbele ya soda. Lugha za programu hazikubaliani zenyewe juu ya hizi sifuri mbili. Kwa alama ya kawaida ya kulinganisha, zinakubaliana: C, Python, Java, JavaScript, zote zitasema ni sawa. Ugomvi unaanza ukiuliza swali la pili, lile la kwamba je, ni kitu kilekile?

JavaScript kwa alama tatu za sawasawa, ambayo tunafundishwa kuwa ndiyo kali kuliko zote, inasema ndiyo. Lakini ina njia nyingine, `Object.is`, na hiyo inasema hapana. Ukijaribu programu yako kwa Jest ukaiambia itarajie 0 kwa `toBe` ikapata -0, jaribio linafeli, na unaweza kukaa nusu saa ukitazama sifuri mbili. Tena JavaScript ni mficho: ukiigeuza -0 kuwa maandishi kwa njia ya kawaida inakuandikia "0", alama inafichwa. Programu ile ingeandikwa kwa JavaScript, kuna uwezekano mkubwa mama mdogo angepata mkopo wake siku ileile, na mimi nisingejua.

Java ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa kuwa ina vinywa viwili. Namba zikiwa tupu, `==` inasema sifuri mbili ni sawa. Zifunge ndani ya kitu cha aina ya `Double`, uliza kwa `equals`, inasema si sawa. Na ukizipanga kwa `Double.compare`, -0.0 inatangulia 0.0, kana kwamba ni ndogo. Hii wameiandika wazi kwenye maelezo ya lugha, na sababu yao ni majedwali yanayotafuta vitu kwa funguo: wanataka vitu viwili vinavyohesabiwa kuwa sawa viwe sawa kwa biti zote. Matokeo yake, kwenye jedwali la Java sifuri mbili ni funguo mbili tofauti, na kwenye kamusi ya Python ni ufunguo mmoja. Mtu anayehamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine akiwa na usingizi anaweza kujikuta na mwanachama mmoja mwenye safu mbili.

Halafu kuna Erlang, lugha iliyozaliwa Sweden kwenye kampuni ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na ambayo WhatsApp ilijengwa juu yake. Yenyewe ina alama ya kulinganisha kikamilifu, `=:=`. Kwa miaka yote alama hiyo ilisema sifuri mbili ni kitu kimoja. Mwaka 2024, kwenye toleo la 27, wakabadilisha: sasa inasema ni tofauti. Watu wazima, wenye uzoefu wa miongo, walikaa wakajadili kama sifuri ni sifuri, wakabadili msimamo. Nilipolisoma hilo nilijisikia vizuri kuhusu ule mkutano wa Mikumi.

Turudi. Niliposema "ziko sawa", mwalimu hakuridhika, na pingamizi alilolitoa ndilo lililonifanya niandike haya.

"Mimi nimefundisha jiografia miaka mingi," akasema. "Latitudo sifuri ni ikweta. Sawa? Sasa mahali palipo nyuzi sifuri na dakika 18 kusini, na mahali palipo nyuzi sifuri na dakika 18 kaskazini. Zote ni sifuri. Ukifuta kusini na kaskazini, umepotea. Kwa hiyo usiniambie alama mbele ya sifuri haina maana."

Na yuko sahihi. Tena bila kujua alikuwa ametaja tatizo ambalo waandishi wa programu za ramani wanalifahamu. Nakuru iko takriban nyuzi 0 na dakika 18 kusini. Kwenye programu nyingi kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo nyuzi zinaandikwa -0 na dakika 18 pembeni. Programu ikizisoma nyuzi kama namba kamili, alama inapotea, kwa sababu namba kamili kwenye kompyuta za leo zinahifadhiwa kwa mfumo usio na nafasi ya sifuri ya pili. -0 inakuwa 0. Kisha programu inajiuliza kama nyuzi ni hasi, inaona si hasi, inajumlisha dakika badala ya kuzitoa. Nakuru inaruka ikweta, dakika 36 kwenda kaskazini, kama kilomita 66, na inatua karibu na Ziwa Bogoria. Masaka kule Uganda inaweza kuruka vivyo hivyo, na Kisumu, na Nyeri. Sisi Tanzania tumesalimika tu kwa sababu nchi yetu inaanzia karibu nyuzi moja kusini ya ikweta. Kilosa ni -6 na kitu, Mikumi ni -7 na kitu, na namba hizo hata ukizikata desimali bado zinajua ziko upande gani.

Mwalimu alifurahi kuhusu Nakuru kuliko nilivyotarajia. Aliwaita wanachama wawili waliokuwa wamefika mapema awasimulie, na kwenye simulizi yake Nakuru ilitumbukia ziwani kabisa.

Hoja yake ndiyo hoja ya William Kahan pia. Huyu ni mwanahisabati mzaliwa wa Kanada, profesa wa Berkeley, Marekani, aliyekuwa nguzo ya kiwango cha IEEE 754 kilichotoka mwaka 1985, ambacho ndicho kinachoziambia kompyuta zihesabu vipi namba za desimali. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na hesabu zake. Kahan alipigania sifuri iwe na alama, na mwaka 1987 akaandika makala ndefu ya kuitetea, yenye kichwa kinachotania jina la tamthilia ya Shakespeare: makelele mengi juu ya alama ya kitu ambacho si kitu. Hoja yake, kwa lugha ya kawaida, ni kwamba kwenye kompyuta sifuri mara nyingi si sifuri ya kuzaliwa. Ni namba iliyopungua mpaka mashine ikashindwa kuiona. Chukua namba hasi, igawanye kwa mbili, igawanye tena, endelea. Itafika mahali ambapo hakuna tena namba ndogo ya kuiandika, itakuwa sifuri. Lakini ilitokea upande wa hasi, na kwa hesabu fulani upande huo ndio unaoamua jibu. Ukigawanya 1 kwa 0.0 kwa kufuata kiwango hicho unapata chanya isiyo na ukomo. Ukigawanya kwa -0.0 unapata hasi isiyo na ukomo. Jibu moja liko upande ule wa dunia, lingine upande huu, na kilichowatenganisha ni biti moja. (Python yenyewe inakataa kugawanya kwa sifuri yoyote na kukugombeza. JavaScript inakupa jibu bila aibu.)

Sasa nilikuwa nimekaa na watu wawili walio sahihi: Kahan na mwalimu upande mmoja, wanaosema alama inabeba habari, na mama mdogo upande mwingine, aliyekuwa amefika, amekaa mlangoni na kopo lake la risiti mapajani, akisubiri mtu aseme kwa sauti kwamba hadaiwi.

Ni mwalimu aliyeona. Alikuwa bado anaikagua ile karatasi ya ukutani, kidole kikishuka jina baada ya jina.

"Mwanangu, njoo. Huyu ana sifuri. Huyu ana kutoa sifuri. Huyu sifuri. Huyu kutoa sifuri. Kwa nini wengine hawana kutoa?"

Nilikuwa nimeipita bila kuuliza. Nikarudi kwenye programu. Mwanachama mpya anaposajiliwa, deni lake linaandikwa 0, namba kamili, bila nukta. Namba kamili haina sifuri hasi, kwa hiyo hata ukiizidisha kwa -1 inabaki 0. Deni linageuka kuwa namba ya desimali pale tu mtu anapokopa na riba kupigwa. Akishamaliza kulipa anabaki na 0.0, na 0.0 mara -1 ndiyo -0.0.

Maana yake, kwenye karatasi ile kila mwenye 0 alikuwa mtu ambaye hajawahi kukopa. Kila mwenye -0 alikuwa mtu aliyekopa na kulipa mpaka akamaliza. Tulihakikisha kwa daftari la mkono, jina kwa jina. Watu 11, bila hata mmoja kukosewa. Alama iliyomfanya mtu acheke kule nyuma ilikuwa, kwa bahati, orodha ya wakopaji waaminifu wa kikoba kile.

Mwalimu alinyamaza. Kisha akasema wazo ambalo nililitegemea na kulihofia: "Basi tuiache. Mwenye kutoa sifuri apewe kipaumbele."

Hapo nilibisha. Nilimwambia alama hiyo ilitokea yenyewe, haikuwekwa na mtu, na kitu kisichowekwa na mtu hakina mlinzi. Kesho kijana mwingine atahamishia programu kwenye simu, kwa lugha nyingine, itaficha alama, na heshima ya watu 11 itafutika bila hata kuonekana kosa. Na hata leo, ukiiuliza mashine ikutenganishie wenye 0 na wenye -0 kwa kuzilinganisha, itakuambia wote wako sawa. Habari imo, lakini swali la kawaida haliioni. Kama kikoba kinataka kujua nani amekopa na kumaliza, kiandike hivyo kwa maneno, kwenye safu yake, mahali ambapo mtu asiyejua biti ataisoma.

"Safu ya nne," akasema.

"Safu ya nne."

Tukaiita Amemaliza, na ndani yake inaandikwa idadi ya mikopo iliyolipwa yote. Kuiondoa alama kulihitaji kitu kidogo ambacho mpaka leo kinanifurahisha: nilijumlisha sifuri. Kwa kiwango cha 1985, -0.0 ukiiongezea 0 inakuwa 0.0. Tulifundishwa darasa la pili kwamba kuongeza sifuri hakubadilishi kitu. Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo kunabadilisha. Kuanzia toleo la 3.11 la mwaka 2022, Python ina pia herufi maalumu, z, ya kuweka kwenye maelekezo ya uandishi ili sifuri hasi iandikwe kama sifuri ya kawaida, ishara kwamba si Mikumi peke yake walikosa usingizi. Lakini laptopu ya mwalimu ilikuwa na Python ya zamani.

Mkutano ulipoanza mwenyekiti alisema karatasi mpya imebandikwa na mkopo wa dada utajadiliwa. Mama mdogo akasimama. Alisema kabla ya mkopo anaomba kwanza mwenyekiti asome jina lake kwa sauti, hisa zake, na safu mbili za mwisho. Mwenyekiti akasoma. Sifuri. Moja. Akamwomba asome tena, kwa sababu kule nyuma huenda hawakusikia.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mmoja alikataa, kwa hoja ambayo nadhani ilikuwa ya haki, kwamba gesi ingeweza kusubiri mpaka mgao wa mwisho wa mwaka. Funguo tatu zikaletwa, sanduku likafunguliwa. Mama mdogo alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia nimsubiri nile kwanza kabla ya kupanda gari, na tukatembea mpaka barabara kuu ambako malori yalikuwa yamejipanga upande mmoja yakielekea Iringa.

Kwenye gari la kurudi Kilosa, kabla mtandao haujapotea, nilijaribu kwenye simu. 300,000 mara 1.1. Python ilijibu 330000.0, kamili, bila vumbi. Rejesho la kwanza, 110,000, ni mwisho wa mwezi.